Mtoto alitoka damu usiku baada ya kutolewa mafindofindo, tulivyofanya

Mwanangu alishatolewa mafindofindo, tukarudi home, anakula, homa hana, nikaona tumemaliza. Usiku nimelala naye nikasikia anameza. Anameza, anatulia, anameza tena na huku kalala fofofo. Nikakurupuka, maana nesi wakati anaturuhusu aliniambia mama, damu inaweza kutoka hata siku ya 5 mpaka ya 10 hivi, ule utando mweupe kooni ukianza kubanduka, na mtoto mdogo hatemi damu, anaimeza, kwa hiyo usisubiri uione. (Utando wenyewe sio usaha jamani, msiukwangue.)

Nikawasha tochi ya simu, fungua mdomo, naona upande mmoja donge jeusi na chini yake damu mbichi inachuruzika. Nikamkalisha, nikamwinamisha mbele, beseni mapajani, tema baba, usimeze, tema. Akalilia maji, sikumpa, akienda thieta asiwe na kitu kingine tumboni. Baba yake akatoa gari. Njiani akatapika damu nyeusi ya mabonge, halafu ikakata yenyewe, mzee ananiuliza sasa si imeacha, turudi? Nikamwambia endesha tu, hiyo ya kwanza inaweza kukata alafu kubwa ikafuata.

Pale emajensi sikujieleza sana, nilisema katolewa mafindofindo juzijuzi anatapika damu, basi, tukapitishwa mbele ya foleni. Dripu, wakachukua damu ya kupima wingi na grupu in case ataongezewa, karatasi nikasaini. Aliyenishangaza ni daktari wa usingizi, mimi nilidhani shughuli ni ya mpasuaji kumbe kazi ngumu ni yake, maana kumlaza mtoto ambaye tumbo limejaa damu ni hatari, akitapika akiwa kwenye dawa inaingia kwenye mapafu, ndo maana alinibana maswali, katapika kiasi gani, kala saa ngapi mara ya mwisho. Mshipa wenyewe waliuchoma kwa umeme, haikuchukua muda.

Akatoka sauti imekauka ila macho makavu, anauliza katuni. Wakatulaza wodini waangalie kama itarudi, haikurudi. Dawa za maumivu nilimpa kwa saa zake, aspirini hapana kabisa, inazuia damu kuganda. Na kama wa kwako anatolewa karibuni, kabla hujaruhusiwa uliza usiku damu ikitoka uende wapi, sio kila hospitali ina daktari wa koo saa hizo.