Gari inawaka, bima wanasema imekufa

Mwalimu mmoja wa skuli hapa Chake alikwepa ng'ombe njia ya Wete, IST yake ikaishia kwenye mkarafuu. Yeye alhamdulillah, alichubuka mkono tu. Gari ikaletwa gereji kwangu inavutwa. Ana bima kubwa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe (ndogo inalipa uliowagonga tu, isingemlipa hata taa), basi kampuni ikataka kotesheni yangu, yaani makisio ya gharama za kutengeneza, na ikamtuma mtathmini wake. Baadaye mwalimu akaja na barua ya kampuni mkononi.

"Fundi, mbona wanasema imekufa? Si inawaka?"

Inawaka kweli, mwalimu. Wao wanaangalia hesabu: "imekufa" ni kwamba kuitengeneza hakuwalipi. Chesisi ya mbele, boneti, rejeta, taa, eabegi mbili na dashibodi iliyopasuka: kotesheni yangu ilifika milioni 8.2. Eabegi na dashibodi ndizo zilizopandisha, na huku Pemba kila spea inavuka bahari mpaka bandari ya Mkoani, basi bei nayo inavuka. Gari yenyewe kabla ya ajali ilikuwa ya milioni 11, na mabaki yana mnunuzi wa milioni 3. Wakimlipa 11 na kuuza mabaki, inawatoka 8. Wakitengeneza ni 8.2, na gari ya ajali ukiifungua hukosi kukuta jengine limevunjika ndani. Kampuni nyengine zinaamua kwa asilimia ya thamani ya gari iliyoandikwa kwenye mkataba, ila hesabu ni ndugu wa hiyo.

Kilichomuuma ni kwamba ada alilipia thamani ya milioni 14. Hiyo 14 ni dari tu. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya kugonga, haikupi faida, kwa hiyo wanalipa bei ya soko ya siku ya ajali. Ndiyo maana kila mwaka unapokata bima upya, ishushe thamani ya gari kama bei imeshuka, usilipie hewa. Usiipunguze mno pia, maana ajali ndogo watakulipa kwa uwiano na nyengine utajaza mwenyewe.

Barua ya mwanzo ilisema milioni 9.5. Tukakusanya bei za IST za mwaka ule ule zinazouzwa Unguja, akaandika barua ya kupinga, wakapanda mpaka 11. Wengi hawajui kwamba hapo pana mazungumzo.

Likabaki suala la mabaki. Akiyachukua yeye, wanamkata milioni 3. Kazi ingekuwa yangu, na bado nilimwambia ayaache. Chesisi ilikunjwa vibaya, naweza kuinyoosha, siwezi kukuapia. Wapo mafundi wanaoziba dashibodi kwa faiba, wakazima taa ya eabegi, wakapaka rangi, gari ikauzwa "haijawahi kuguswa". Ukinunua gari, washa swichi: taa ya eabegi lazima iwake kisha izime yenyewe.

Alikabidhi kadi na funguo zote mbili, akakatwa milioni 1 ambayo mkataba wake ulimtaka abebe mwenyewe, akapokea 10. Miezi ya bima iliyobaki haikurudishwa, mkataba umekwisha na gari. Angekuwa na mkopo, benki ingelipwa kwanza.

Hati ya malipo isome kabla ya kutia saini, kwa kawaida inasema umeridhika na huna dai tena. Kama hujaridhika, usisaini. Yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mpelekee barua zote mlizoandikiana na kampuni.