Farasi pembeni!

Jamani, leo nimetoka jasho Shangani hapa Mtwara, na mchezaji wala si mimi. Chesi ya vijana, mpwa wangu wa kike kapewa kete nyeusi. Mpinzani kaja na ule mwanzo wa Kiitaliano: askari e4, farasi f3, askofu c4 (herufi na namba hizo ni majina ya vyumba vya ubao). Mambo ya tangu karne ya 16 na bado yanaua watu! Mara farasi mweupe huyo g5, anainyemelea f7, ubavuni mwa mfalme wetu. Binti kasukuma askari d5, akaliwa. Hapo wengi hurudisha kwa farasi, kumbe ndiyo mtego: farasi mweupe anajitoa mhanga f7, mfalme anaburutwa hadi katikati ya ubao. Yeye kampeleka farasi a5, pembeni kabisa, kumtishia askofu. Mzee mmoja nyuma yangu, mtu wa bao huyo, akaguna: "Farasi kamtupa." Nikanyamaza. Askari mmoja tulipoteza kweli, lakini kete zetu zilitoka haraka, wao wakabaki kumhamishahamisha askofu. Mwishowe mpinzani akanyoosha mkono kukubali kushindwa.

"Mjomba, soda yangu iko wapi?"

Nimenunua mbili, na pweza juu. Mzee bado anadai ni bahati.