Earthsea ya 2004 wamegeuza jina, na mi siwezi kulimeza hilo

Juzi nimemaliza kuangalia Earthsea, ile tamthilia ya sehemu mbili iliyoonyeshwa na Sci Fi Channel kule Marekani Desemba 2004, na bado inaniuma, maana A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (ya 1968) nimeisoma mara nne na nitaisoma tena.

Mi si mtu wa kulalamika kila kikibadilishwa kitu. Kukata sura poa, hata kuchanganya humo na The Tombs of Atuan, kitabu cha pili, ningevumilia. Lakini jina jamani!

Kwenye kitabu kila mtu ana jina la kuitiwa na jina la kweli, na la kweli unalificha kwasababu mchawi akilijua basi kakushika. Yule kijana wa kisiwa cha Gont anaitwa Sparrowhawk, la kweli ni Ged, kapewa na mchawi mzee Ogion akiwa na miaka 13, anavuka maji ya baridi kali uchi, mzee anamsubiri ng'ambo, anamnong'oneza. Kwenye tivii wamegeuza, Ged ndo linaitwa hovyo na Sparrowhawk ndo siri!

Sasa angalia kinachopotea. Kuna pale rafiki yake Vetch, mwanafunzi mwenzake wa uchawi, anakuja kumuaga, Ged ana makovu usoni ya kile kivuli alichokiachia mwenyewe kwa kiburi, hajiamini tena, na Vetch anamwambia tu kwamba jina lake la kweli ni Estarriol. Basi. Kamkabidhi uhai wake. Na Ged naye anamwambia la kwake. Mi nina jina ambalo bibi tu ndo alikuwa ananiita, tangu afariki sijalisikia tena kwa mtu, kwahiyo ile kurasa kila nikifika lazima nifunge kitabu kwanza.

Alafu rangi. Ged wa kitabuni ni wa kahawia-nyekundu, Vetch ni mweusi kabisa, weupe ni watu wa Kargad, na Le Guin alifanya hivyo makusudi. Kwenye tivii Ged ni Shawn Ashmore, mzungu, na Vetch pia mzungu, wakamuweka Danny Glover kuwa Ogion. Le Guin mwenyewe aliandika kwenye Slate, jarida la mtandaoni, mwezi uleule kupinga, na alikuwa na haki kabisa.

Ila mi narudi kwenye jina. Mwisho wa kitabu Ged na kivuli chake wanakutana mbali huko baharini, wanatamka neno moja kwa pamoja, Ged. Watu karibu wote wa visiwa vile hawalijui neno hilo, wewe msomaji unalijua tangu mwanzo, yaani mwandishi alikuamini kama Vetch alivyoaminiwa. Kwenye tivii kila mtu alishalipigia kelele toka asubuhi.