Ukuta wa Ashwell na mwaka ulioanza Machi

Kanisa la Mtakatifu Maria la Ashwell, kaunti ya Hertfordshire, Uingereza, lina mnara wa futi 176. Ukishuka treni ya Cambridge kwenye kituo chenye jina la kijiji, usidhani umefika. Kuna mwendo wa kilomita kama tatu kwa miguu.

Baba yangu alikuwa mwashi Tanga, nami nilishika mwiko kabla sijajua kusoma vizuri. Nikiingia kwenye jengo lolote naangalia kona kwanza, mapambo baadaye. Hapa kilichonivuta ni jiwe. Ni chaki nyeupe ya maeneo hayohayo, laini kuchonga, na ndani ya kanisa inang'aa vizuri sana. Nje ni msiba mtupu. Mvua na barafu vimeitafuna tangu karne ya 14, na mnara umejaa viraka vya kila zama. Lakini ulaini huohuo ndio uliowapa watu nafasi ya kuandika ukutani kwa ncha ya kisu, kama wale waliochora majahazi kwenye lipu za Gedi na Kilwa.

Chukua tochi, ielekeze ubavuni, mwanga ulale juu ya ukuta wa kaskazini, ndani ya mnara. Herufi zinainuka. Ni Kilatini, na aliyeandika aliufumba mwaka: elfu moja, mia mara tatu, kumi mara tano. Yaani 1350. Anasema tauni ilikuwa ya kuhuzunisha, kali, ya kikatili, na waliobaki kushuhudia ni watu duni. Kisha kuna upepo mkubwa, Maurus, unaonguruma duniani mwaka 1361.

Tauni ile iliingia Uingereza 1348 kupitia bandari ya Dorset. Mapadri waliokufa wanajulikana, maana askofu alilazimika kuteua wengine na kuandika uteuzi huo kwenye daftari lake. Mkulima wa Ashwell hakuwa na daftari la kumwandika. Ndiyo maana nauthamini ukuta huu kuliko vioo vya rangi vya makanisa makubwa: kilio cha kijiji kilipata pa kuandikwa karibu miaka 190 kabla ya serikali kuagiza watu wa kawaida waandikwe.

Si vilio tu, lakini. Chini kidogo ya maandishi hayo kuna mchoro wa kanisa kubwa, ambalo wengi wanadhani ni St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoungua 1666. Na mahali pengine mtu amekwaruza kwamba pembe hazikuungwa sawasawa, kisha akamalizia: natema mate. Nilicheka peke yangu. Sijawahi kuona fundi anayesifia kazi ya fundi aliyemtangulia.

Sasa huo upepo. Sikukuu ya Mtakatifu Maurus ni Januari 15, na dhoruba hiyo ndiyo iliyoangusha mnara uliochongoka wa kanisa kuu la Norwich. Vitabu vya leo vinasema ilikuwa 1362. Ukuta unasema 1361. Vyote viko sahihi: Waingereza wa wakati ule walibadilisha mwaka Machi 25, kwa hiyo Januari ilikuwa bado mwaka wa zamani. Sisi tuliokulia nyumba zenye kalenda ya Hijria na ya Miladi ukuta mmoja hatushtuki.

Wanaosoma rejista za parokia ndio wanaoteseka. Rejista hizo zilianzishwa kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538: kila ubatizo, ndoa na mazishi viandikwe. Baadaye, kwa kanuni za 1603, kitabu kilitakiwa kukaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa kasisi na miwili kwa wazee wawili wa kanisa, asifungue mtu peke yake. Ukikuta humo mtoto kabatizwa Desemba 1640 na kuzikwa Februari 1640, usimlaumu kasisi kwa ulevi. Mtoto aliishi miezi miwili. Andika 1640/41 kwenye daftari lako, uendelee.

Utaratibu huo ulikoma 1752. Mwaka ukaanza kuhesabiwa Januari 1, na Septemba ikarukwa siku 11: baada ya tarehe 2 ikaja 14. Watu wa hazina hawakukubali kupoteza siku za kodi, wakausogeza mwaka wao kutoka Machi 25 hadi Aprili 5, na mwaka 1800 wakaongeza siku moja. Ndiyo sababu wewe unayefanya kazi huku, mwaka wako wa kodi unaanza Aprili 6.