Talasea, kwa Wenye Jiwe Linalokata

Nilijikata kidole kabla sijamaliza kusalimia. Ndiyo kwanza tushuke garini, nikaona kitu cheusi kinang'aa kwenye udongo wa kando ya njia, nikainama kukiokota. Damu ilitangulia, maumivu yakafuata. Mzee mwenyeji wangu alicheka mpaka akashika magoti. Na alikuwa na haki ya kucheka, maana nilikuwa nimemtambia njia nzima kwamba mimi ni mtoto wa Naivasha, na obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, naijua tangu nachunga mbuzi chini ya mlima Eburru.

Talasea iko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha New Britain, Papua Guinea Mpya. Kutoka Port Moresby unaruka hadi Hoskins, halafu unapanda PMV, ambayo ni matatu kwa jina jingine, unapita Kimbe na mashamba ya michikichi yasiyokwisha. Abiria wote walikuwa wakitafuna buai. Ni popoo ile ile ya tambuu ya Mombasa na Unguja, na chokaa yake, ila kwetu hakuna anayetema kwa bidii kiasi kile.

Kilichonipeleka ni swali moja lililokuwa likinikera. Jiwe la hapa limekutwa Fiji upande wa mashariki, na Borneo upande wa magharibi, zaidi ya kilomita 3,000 kila upande. Hakuna ubishi kwamba limetoka hapa, kwa sababu kila chimbuko la obsidiani lina mchanganyiko wake wa kemikali, na kipande hata kiwe kidogo kama ukucha hutaja kwao. Sasa, nani anabeba mawe kwenye ngalawa, baharini, umbali huo, na kwa nini?

Jibu la haraka ni ukali wake. Jibu hilo linaniridhisha hadi nifikapo Visiwa vya Reef, mwisho wa mashariki wa Visiwa vya Solomon, kilomita kama 2,000 kutoka Talasea. Watu wa Lapita, mabaharia wa kale wenye vyungu vilivyopambwa kwa alama za vijino, walifika huko miaka kama 3,000 iliyopita. Visiwa vya Banks, kaskazini mwa Vanuatu, vina obsidiani na viko karibu zaidi. Hata hivyo sehemu kubwa ya obsidiani iliyochimbuliwa Reef ni ya Talasea. Tena hawakuibania! Kitu kilichovuka bahari yote ile kilichongwa na kutupwa kama vile chimbuko liko nyuma ya nyumba. Mwenye kuhesabu gharama hafanyi hivyo. Baadhi ya wanaakiolojia wanaona thamani ilikuwa katika undugu: kuwa na jiwe la Talasea kulimaanisha una watu nyuma yako, na njia ya kuwafikia bado iko wazi.

Nilimweleza mzee hayo tukiwa tumekaa kwenye gogo, kidole kimefungwa kitambaa. Hakushangaa hata kidogo. "Wantok," akasema, akarudi kwenye popoo yake. Neno hilo la Tok Pisin, lugha inayowaunganisha watu wa nchi hii, huanzia kwa mwenye lugha moja nawe, lakini uzito wake ni wa ndugu: akija kwako hujiulizi kama utampa chakula.

Kuna jambo la zamani zaidi lililonivutia kuliko hata Lapita. Kabla volkano ya Witori haijalipuka vibaya, miaka kama 3,600 iliyopita, mafundi wa huku walichonga zana zenye kishikio, baadhi kubwa na dhaifu mno kiasi kwamba ukizitumia kwa kazi zitavunjika. Zilikuwa za kuonyeshwa. Baada ya majivu kutua, zana hizo hazionekani tena, na vyungu vya Lapita vinaingia. Huko Santa Cruz, jirani na Reef, vipande vidogo vya obsidiani vimekutwa na mabaki ya damu, mkaa na udongo mwekundu: vilichanjia watu chale za rangi. Nilikitazama kidole changu kwa heshima kidogo.

Jioni tulishuka ufukweni. Mbele yetu kisiwa cha Garua, nacho kina obsidiani yake, na kutoka ardhini mvuke wa chemchemi za moto ulinukia kiberiti kama kule kwetu Olkaria. Watoto watatu walikuwa wakirusha vipande vyeusi juu ya maji, wakishindana ni cha nani kitaruka mara nyingi. Nilihesabu kimoja kikaruka mara tano.

Bibi mmoja aliyekuwa akiosha sufuria akawafokea. Nilidhani anatetea mali ya mababu, nikamwomba mzee anitafsirie.

"Anasema kesho wataoga hapo hapo," akanijibu, "halafu watakuja kumlilia yeye na miguu yao."