Mikwaju mitatu

Jumamosi iliyopita binti yangu alisimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni, simu mkononi. "Baba, hapa wameandika mvua asilimia sitini. Sasa nianike au nisianike?"

Jibu nilikuwa nalo, ila si langu. Ni la Mzee, baba yangu, na bado lina sauti yake: siku kumi za namna hii, sita hunyesha, lakini nguo zako zina leo tu. Nikalimeza. Nikamwambia asubiri, nikaingia chumbani nikavuta sanduku la bati uvunguni, lile la kijani lenye namba yake ya jeshi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Sijui nilitaka nini humo. Nguo hazianikwi kwa kutazama madaftari ya marehemu.

Yapo 24. La kwanza ni la 1991, mwaka aliovua magwanda akiwa Meja. La mwisho ni la 2014, linaishia Aprili. Kila siku mstari mmoja: mvua, upepo, mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga, na mwishoni safu pana kidogo aliyoiita "mengineyo". Humo kwenye mengineyo ndimo tulimokuwa sisi. "Kumbikumbi." "Mbuzi kazaa." "Shemeji kaja, kaondoka."

Kazi yake jeshini ilikuwa kuwaambia marubani kuna nini huko juu wanakokwenda. Alianza kijana mdogo kwenye Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, enzi nchi tatu zikitumia wataalamu hao hao na vipimo hivyo hivyo. Jumuiya ilipokufa 1977 akaingia kwenye magwanda. Vita vya Amin vilimkuta Mwanza. Mwisho wa Machi 1979 ndege ya Libya, aina ya Tu-22, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya pale mjini ikakosa, mabomu yakaenda kuangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama. Wageni waliotaka hadithi za vita aliwapa hiyo moja tu, tena kwa sentensi moja: "Vita vyangu mimi viliua swala." Kisha anauliza kama chai ina sukari.

Nyumbani lugha yake ya kazi ilituingia bila kufundishwa. Marubani wana neno lao, kavoki: unaona kilomita 10 au zaidi, hakuna wingu la kukusumbua chini ya futi 5,000, paa tu. Kwetu kavoki ilikuwa Mama amefurahi. Na sibii, lile wingu kubwa la radi linaloumuka kama unga uliokolezwa hamira, ilikuwa Mama hajafurahi. Ukitoka shule dada anakunong'oneza getini, "Sibii jikoni," unazungukia mlango wa nyuma.

Halafu ile saa ya ukutani. Watu wa hali ya hewa dunia nzima hupima kwa saa ile ile moja, ya Greenwich, jeshini wanaiita Zulu. Mzee alistaafu, saa ikakataa kustaafu. Shangazi akija saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, anaikuta mishale inaonyesha saa kumi na mbili, anasema betri imekwisha. Mzee anamweleza, kwa mara ya kumi, kwamba Zulu imekaa katikati kabisa: sita hiyo ukiiongezea tatu unapata tisa ya Kizungu, ukiipunguzia tatu unapata saa tatu yetu. Alilipenda sana jambo hilo. Shangazi alikuwa anasema, "Haya, Meja," na kuangalia simu ya mkononi zilipokuja.

Saa tatu hiyo ndiyo ilikuwa swala ya nyumba yetu. Nyuma ya jiko, kwenye kauwanja kadogo kati ya mawe mawili makubwa (ndiyo Mwanza, usipojenga juu ya jiwe utajenga chini yake), alikuwa amefukia kipimamvua. Kilikuwa cha shaba, kimebonyea ubavuni, stoo ilishakifuta kwenye vitabu vyake. Juu mdomo wa duara, ndani faneli, chini chupa. Unatoa chupa, unamimina kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, unaiinua usawa wa jicho. Maji hupanda kidogo pembeni mwa kioo. Husomi pale, unasoma katikati yanapobonyea. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Siku ikinyesha 40 alimpigia Mama hesabu kwamba bati letu la mita 60 limepokea lita 2,400, mapipa 12, na Mama akajibu kwamba yeye ana pipa moja, na lenyewe linavuja.

Majirani walimwita mganga wa mvua. Hakupenda. Kwao ni Ukerewe, na huko zamani mtemi ndiye aliyeshika mvua. Ikigoma, kiti chake kinayumba. "Mimi siileti," alikuwa akisema. "Mimi naihesabu ikishakuja."

Sasa Desemba 1993. Mimi nina miaka 12, likizo, na Mzee anapanda treni kwenda Dar kufuatilia mafao yake, ambayo kwenye ofisi fulani yalikuwa yanapotea na kupatikana kama miwani. Siku kumi na moja. Asubuhi ya kuondoka alinipeleka nyuma ya jiko, akanikabidhi bilauri kama mtu anayekabidhi silaha. "Saa tatu kamili. Siyo na robo." Akanionyesha yote upya ingawa nilishayajua. Mvua ikizidi kumi, bilauri inajaa, kwa hiyo unamimina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mmimino unauandika pembeni kwa penseli kabla hujajumlisha. Hesabu nilikuwa naiweza. Nilimwambia, "Sawa, Afande." Hakucheka.

Siku nne nilikuwa bora kuliko yeye. Saa tatu kasoro dakika mbili nimeshasimama pale, ndala zimelowa umande. Usiku wa tano ikaja mvua ya ziwa. Mnaoishi kule mnaijua: usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka kila upande wa nchi kavu kwenda kukutana katikati ya ziwa, na hewa ikikosa pa kwenda inapanda. Saa tisa usiku bati lilikuwa linapiga kelele hata Mama akaja kuangalia kama tumelala. Nilikuwa macho. Nilikuwa nafikiria chupa.

Asubuhi jua kali, kila kitu kinafuka. Nikainua faneli, nikaitoa chupa. Nzito. Sijawahi kushika chupa nzito kiasi kile, ilikuwa imekaribia shingo. Bilauri nilikuwa nimeiweka juu ya jiwe kubwa, hatua tatu. Kwa nini sikuibeba bilauri kuifuata chupa? Ni swali ambalo nimejiuliza kuliko mengi ya maana. Nilipanda na chupa mkono mmoja, vidole vimelowa, na kwenye hatua ya pili ikateleza. Haikuvunjika. Ililala ubavu juu ya jiwe ikaanza kutema maji kwa kwikwi, glu, glu, na mimi nimesimama nayaangalia kama vile ni ya mtu mwingine. Nilipoinama ilikuwa imebaki kidogo chini, cha kufunika ukucha.

Doa likabaki kwenye jiwe. Lilikuwa na umbo la Ziwa Victoria kweli, au nimeliongezea mwenyewe miaka hii yote. Lilianza kukauka kutoka pembezoni. Nilichuchumaa. Ghuba zikaisha, kisha visiwa, kisha likawa kama sahani, kisha kama sarafu, na jiwe likawa jiwe. Haikuchukua hata dakika kumi. Ndani Mama anasikiliza redio. Hakuna aliyeona. Nikaingia, nikafungua daftari, nikaandika 23.4.

Ile nukta nne niliifikiria. Ishirini ingekuwa uvivu, 23 ingekuwa ya mtoto. Nukta nne ilikuwa na uso wa kitu kilichopimwa. Niliiandika kwa mwandiko wake, saba zangu zote wakati ule zilikuwa na mkia kama zake, ingawa hapo hapakuwa na saba. Kwenye mengineyo nikaandika "Mvua kubwa usiku", ambayo angalau ilikuwa kweli.

Zilizobaki nilizipima vizuri mno. Nadhani niliamini zitaifunika.

Alirudi jioni, amechoka, mafao bado. Alioga, akala, ndipo akaomba daftari. Alisoma alivyosoma siku zote, kidole cha shahada kikishuka safu ya mvua taratibu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nachambua mchele ambao hakuna aliyenituma kuuchambua. Kidole kikafika, kikapita. Nikapumua. Kikarudi juu. Kikahama kutoka kwenye namba kwenda pembeni, pale penye nafasi ya penseli, kikakaa.

Nafasi ilikuwa nyeupe.

Sikuwa nimemimina mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Namba yangu ilitoka mbinguni ikiwa imeshajumlishwa.

Hakuinua kichwa. "Ilimwagika?"

"Ndiyo, Baba."

"Yote?"

"Ilibaki kidogo."

Kwetu, uongo ulikuwa na bei inayojulikana, na fimbo ilikaa juu ya kabati la vyombo. Niliweka ungo chini nikasimama, ili tumalize. Mzee akachomoa kalamu mfukoni. Akapiga mstari mmoja juu ya 23.4, mwembamba, ambao bado unaiacha ikisomeka (kazini kwake kufuta kulikuwa marufuku), na mbele yake akachora mikwaju mitatu: ///. Ndivyo wanavyoandika wenzake dunia nzima kipimo kinapokosekana. Nilikuwa nimesubiri mikwaju, na mikwaju nikaipata, kwa wino.

"Hukuona, unaandika hukuona," akasema. "Basi." Akafunga daftari, akauliza kama redio imesema lolote kuhusu wavuvi. Usiku ule wa mvua mitumbwi ya dagaa ilikuwa ziwani na karabai zao, kama kila usiku wa giza. Lilikuwa donda lake hilo. "Marubani walikuwa na mimi," alimwambia Mama siku moja, "wale wana nani?"

Ningeishia hapo kama si Jumamosi hii, kwa sababu hapo Mzee anatoka vizuri na mimi nimejifunza.

Lakini nikiwa nimekaa sakafuni na sanduku, binti ananisubiri na beseni, nilifungua daftari la 1996 mwezi wa tano. Sijui kwa nini nilikuwa sijawahi. Tarehe 21, Jumanne, siku ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani. Siku hiyo Mzee alishuka mjini asubuhi, akashinda bandarini, akarudi usiku hana viatu, na hakusema neno mpaka kesho yake. Kesho na keshokutwa alikuwa uwanja wa Nyamagana, walikokuwa wakilaza maiti ili watu watambue wa kwao. Watu walikuja kumuuliza kama ilikuwa dhoruba. Aliwajibu kwamba hapakuwa na dhoruba, na kwamba wasiitafute mbinguni. Meli ilikuwa imejaa kupita uwezo wake.

Nilitegemea kukuta mikwaju. Siku tatu, mikwaju tisa. Kuna tarakimu. Zote tatu, kwa mkono wake, wino ule ule: 0.0, 0.0, 0.0. Mengineyo hakuna kitu.

Nilimpigia Mama. Anasema siku ile ya kwanza Mzee aliondoka kabla ya chai. Nilimpigia dada, anasema baada, anakumbuka kwa sababu alimfuata getini kumpa kofia. Hizo nyingine hakuna anayekumbuka. Huenda alirudi saa tatu akapima, nyumbani si mbali. Huenda alimwachia dada maagizo na dada amesahau. Na huenda alirudi usiku ule wa tatu, akatazama udongo ulivyokauka nyuma ya jiko, akaandika. Sifuri haihitaji chupa. Ukiikagua pembeni hukuti penseli, kwa sababu hakuna cha kujumlisha. Ndiyo namba pekee ambayo nisingeweza kumkamata nayo, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Mwanza.

Kalamu ilikuwa mezani. Niliishika.

"Baba!" Binti yuko mlangoni. "Nianike au?"

Nilirudisha kalamu, nikatoka naye nje kuangalia juu. Sehemu tano kati ya nane, kwa kukadiria. Upande wa mashariki kuna kitu kimeanza kuumuka. Nikamwambia aanike shuka, sare za shule aziache ndani. Akauliza simu ndiyo imesema hivyo? Nikamwambia hapana, mimi.

Shuka zilikauka. Saa tisa zikalowa, hatukuwahi kuzianua.