Filamu za vimondo na hesabu zake

Kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania kimondo si hadithi: cha Mbozi kipo, karibu chote chuma, tani 16 hivi. Moonfall (2022) sina la kusema. Mwezi unaanguka, watu wanaukimbia kwa magari! Don't Look Up (2021) ndiyo yenye akili. Mpango wa humo wa kupasua kometi (nyota yenye mkia) inayoijia Dunia, ikiwa imekaribia, ni upuuzi wa makusudi, kwani vipande hubaki na mwendo uleule, njia ileile. Dawa ni kuisukuma mapema, ikengeuke. Msukumo wa sentimita 2 kwa sekunde, kwa miaka 10, ni mkengeuko wa kilomita 6,300, karibu nusu ya kipenyo cha Dunia. DART, chombo cha NASA cha kujaribu msukumo huo, ilipoigonga asteroidi (jiwe la angani) Dimorphos mwaka 2022, mzunguko wake kando ya asteroidi kubwa zaidi, wa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa dakika 32 hivi.